Benson Masya: Boksa wa Kitui Aliyechukua Dunia kwa Mguu

Kama umewahi kukaa steji ya Matinyani ukingoja matatu ijae, unajua vile story za riadha huenda. Mmoja anataja Kipchoge. Mwingine anakuja na Rudisha na ile 800 ya London. Wa tatu anataja Kiptum, na watu wananyamaza kidogo. Halafu lazima kutokee msee wa kusema ati sisi Wakamba mbio si zetu, zetu ni ndengu, vinyago na kuchekesha watu kwa radio. Mbogi yote inacheka, matatu inajaa, story inaishia hapo.

Siku nyingine akianza hivyo, mtulize na hii. Mwanaume wa kwanza kabisa kuitwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni alizaliwa Kitui. Si Iten, si Kapsabet, si Nyahururu. Ni Kitui hii hii yenye jua la kukausha nguo kwa nusu saa. Jina lake ni Benson Masya, na kabla ya kuwa mkimbiaji alikuwa boksa.

Tarehe 20 Oktoba 2025 Kitui ilikuwa mwenyeji wa sherehe za Mashujaa, pale Ithookwe. Kwa hivyo ni wakati mzuri wa kumjua huyu jamaa vizuri, kwa tarehe na kwa saa, ndio ukibishana ubishane na kitu mkononi.

Masya ni nani hasa?

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1970. Hizo enzi Kitui ilikuwa wilaya tu ndani ya Mkoa wa Mashariki. Hakuna gavana, hakuna kaunti, na lami ilikuwa kitu cha kusikia. Alifariki tarehe 24 Septemba 2003, akiwa na miaka 33 pekee.

Katikati ya hizo tarehe mbili kuna kazi ya nguvu. Great North Run ya Uingereza alishinda mara nne: 1991, 1992, 1994 na 1996. Honolulu Marathon kule Hawaii akachukua mara tatu: 1991, 1992 na 1994. Na hapo kati, mwaka wa 1992, akabeba dhahabu ya dunia. Yote hayo ndani ya miaka isiyozidi sita. Alianza kushinda akiwa na miaka 21, na taji lake kubwa la mwisho alilichukua akiwa na 26. Piga hesabu uone wewe ukiwa 26 ulikuwa unafanya nini. Mimi hiyo hesabu nimeamua kutoipiga.

Kwanza zilikuwa ngumi

Ndondi leo Kenya imepoa, tusidanganyane. Lakini kwa kijana aliyezaliwa 1970, ndondi ilikuwa kitu kubwa. Philip Waruinge alikuwa ameleta medali za Olimpiki za 1968 na 1972. Halafu 1988 kule Seoul, Robert Wangila akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani kwenye fainali na kuwa boksa wa kwanza wa Kenya kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Masya alikuwa na miaka 18 hapo. Kama ulikuwa kijana mwenye mwili mdogo na roho kubwa, glavu zilikuwa njia ya kutoka.

Sasa kitu watu husahau ni kwamba boksa hukimbia. Tena sana. Kabla ya begi la kupiga, kabla ya kamba ya kuruka, kuna barabara. Asubuhi na mapema, umevaa trako nzito ndio jasho litoke na kilo zishuke, unakimbia mpaka mapafu yaombe msamaha. Boksa wengi huchukia hiyo sehemu ya tizi. Lakini kuna wachache ambao huko barabarani ndiko hugundua kwamba wenzao wanabaki kwa mataa kila siku, na wao bado hawajachoka. Masya aliacha ulingo akafuata lami.

Na ukiangalia vile alikuwa akikimbia, ngumi zinaeleza mengi. Boksa amezoea kuumia mbele ya watu bila kuonyesha. Amezoea kumsoma mtu aliye karibu naye: huyu anapumua vipi, huyu mabega yameanza kupanda, huyu nikimsukuma sasa atajibu ama ataachilia? Mbio za barabarani ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hakuna kengele ya kukupumzisha kila dakika tatu.

Kitui si Iten, na hiyo ni sehemu ya story

Kuna maelezo watu wanapenda kuhusu mbio za Kenya: ati ni milima. Hewa ni nyepesi, damu inajifunza kubeba oksijeni nyingi, ukishuka chini unaruka kama swara. Si uongo. Iten iko juu ya bahari kama mita 2,400, na Eldoret iko zaidi ya 2,000. Mji wa Kitui uko kama mita 1,100 hivi. Hapo hakuna hewa nyepesi ya kujivunia. Kuna joto, kuna vumbi, kuna vilima vya kukata pumzi, na kuna umbali mrefu kati ya nyumba na maji.

Wakimbiaji wa Ukambani kwa miaka mingi wamelazimika kutoka nyumbani na kutafuta vilima vya Machakos, ama Ngong, ama kambi za huko juu. Kambi kama zile za Bonde la Ufa, ambapo mtoto wa darasa la nane anapita barabarani na kukuta mabingwa watatu wa dunia wakikunywa chai kwa kibanda, huku kwetu hazikuwa. Kwa hivyo mtu wa Kitui aliyefika juu alikuwa amepanda ngazi yenye vidato vichache kuliko wenzake. Mimi hiyo ndiyo napenda zaidi kwa story ya Masya, kuliko hata medali.

Lakini joto nalo lina faida yake. Shika hiyo, tutairudia tukifika Honolulu.

1991: kijana asiyejulikana anafika Newcastle

Great North Run ni mbio gani? Ilianzishwa 1981 na Brendan Foster, yule Mwingereza wa shaba ya mita 10,000 kule Montreal 1976. Inaanzia Newcastle, inavuka mto Tyne juu ya lile daraja kubwa la chuma, inapita Gateshead, na inaishia South Shields mahali bahari iko. Ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Maelfu kwa maelfu ya watu wa kawaida hukimbia, wengine wamevaa nguo za kuchekesha, na mbele yao kuna wachache ambao wako kazini kabisa.

Orodha ya walioshinda kabla ya Masya ni ya kutisha. Mwaka 1987 ni Rob de Castella wa Australia. Mwaka 1988 ni John Treacy wa Ayalandi, ambaye ana fedha ya Olimpiki ya marathoni. Mwaka 1990 ni Steve Moneghetti, Mwaustralia mwingine, aliyeweka muda wa 1:00:34. Hao ni watu wenye majina.

Halafu Septemba 1991 anatokea kijana wa miaka 21 kutoka Kenya, jina lake watangazaji hawajui walitamke vipi, anashinda.

Hakuwa Mkenya wa kwanza hapo, na Mkenya aliyemtangulia naye alikuwa Mkamba. Mwaka 1986 Mike Musyoki alishinda Great North Run kwa 1:00:43, na muda huo ukahesabiwa kuwa bora zaidi duniani kwa nusu marathoni wakati huo. Musyoki ndiye yule wa shaba ya mita 10,000 Los Angeles 1984. Kwa hivyo ukihesabu vizuri, Wakenya wawili wa kwanza kutawala daraja la Tyne wote walitoka Ukambani. Rudi steji na hiyo.

20 Septemba 1992: siku yenyewe

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu ndiyo katikati ya mambo yote.

Mpaka 1992, nusu marathoni haikuwa na ubingwa wa dunia. Kulikuwa na nyika, kulikuwa na uwanjani, kulikuwa na marathoni kamili. Nusu ilikuwa kama mtoto wa kati: kila mtu anajua yuko, hakuna anayemuuliza anataka nini. Shirikisho la riadha duniani likaamua mwaka huo kuanzisha mashindano rasmi, na wakachagua kuyafanyia ndani ya Great North Run. Barabara ile ile, daraja lile lile, ila safari hii kuna jezi za nchi na kuna dhahabu.

Kenya ilikuwa imetoka Olimpiki ya Barcelona mwezi mmoja tu nyuma. Matthew Birir alikuwa amechukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji, William Tanui akachukua ya mita 800. Nyumbani, watu walikuwa na mambo mengine kichwani: uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa unakuja Desemba, na kila kona ni FORD hii na FORD ile. Nusu marathoni ya Uingereza Jumapili? Nani alikuwa na time?

Masya alimaliza kwa 1:00:24.

Usipite hiyo namba haraka. Nimepiga hesabu na simu. Ni dakika mbili na sekunde 52 kwa kila kilomita. Kama uwanja wa shule yenu ni wa mita 400, ni kuuzunguka kwa sekunde 69, kisha bila kusimama urudie, mara hamsini na mbili, na bado kuna kipande kimebaki. Ni spidi ya karibu kilomita 21 kwa saa. Kuna bodaboda zenye abiria wawili na gunia la mahindi ambazo zingebaki nyuma.

Wa pili alikuwa Antonio Silio wa Argentina. Kwa timu, Kenya ikachukua dhahabu pia. Upande wa akina mama alishinda Liz McColgan wa Scotland kwa 1:08:53, na unaweza kubahatisha ni nani alijaza kurasa za magazeti ya Uingereza asubuhi iliyofuata.

Ule muda wa Masya ulikuwa sekunde kumi chini ya wa Moneghetti wa 1990. Kijana wa miaka 22 alikuwa sasa ndiye bingwa mtetezi wa mbio kubwa kuliko zote za Uingereza kwa umbali huo, na bingwa wa dunia, wa kwanza kabisa. Na taji la kwanza haliwezi kunyang'anywa. Rekodi huvunjwa, ubingwa hupokonywa mwaka unaofuata, lakini nafasi ya juu kabisa kwenye orodha inabaki na jina moja.

Honolulu: ambapo joto lilikuwa rafiki

Sasa ile story ya joto. Honolulu Marathon hufanyika Desemba, na usidanganyike na neno Desemba. Hawaii ni visiwa vya joto katikati ya Pasifiki. Mbio huanza saa kumi na moja alfajiri, gizani, kwa sababu jua likitoka hapo ni moto na unyevu. Kuna mlima wa Diamond Head wa kupanda ukienda na tena ukirudi. Watu waliozoea baridi huyeyuka pale.

Kabla ya Masya, mwenye kisiwa alikuwa Mtanzania. Simon Robert Naali alishinda 1989 na 1990. Nyuma yake zaidi kulikuwa na Ibrahim Hussein wetu, aliyeshinda mara tatu mfululizo 1985 hadi 1987. Kwa hivyo Afrika Mashariki ilikuwa na hati ya hilo shamba.

Desemba 1991 Masya akashinda kwa 2:18:24. Kwa marathoni huo si muda wa kumtisha mtu, na sitajaribu kukuuzia. Lakini Honolulu haishindwi na saa, inashindwa na atakayekuwa bado amesimama mwishoni. Mwaka uliofuata akarudi kama bingwa wa dunia wa nusu marathoni, akashinda tena, 2:14:19. Dakika nne na zaidi zimeshuka.

Angalia nani alikuwa wa pili hiyo siku ya 1992: Cosmas Ndeti, wa Machakos. Wakamba wawili, namba moja na mbili, katikati ya bahari ya Pasifiki. Miezi minne baadaye, Aprili 1993, Ndeti akaenda Boston na kushinda. Akashinda tena 1994 kwa 2:07:15, ambayo ilibaki rekodi ya Boston mpaka 2006. Akashinda tena 1995. Hata mtoto wake aliyezaliwa 1993 akampa jina la Boston. Watu wengi humfahamu Ndeti kuliko Masya, na hiyo ni haki, Boston ni Boston. Ila kabla ya Boston, kwenye barabara ya Honolulu, aliyekuwa mbele yake alikuwa Masya.

Mwaka 1993 Mkorea anayeitwa Lee Bong-ju akachukua Honolulu. Masya akairudisha 1994 kwa 2:15:04. Mwaka 1995 ikaenda kwa Josiah Thugwane wa Afrika Kusini. Kama unadhani haya yalikuwa mashindano ya kitalii tu, kumbuka fainali ya marathoni ya Olimpiki Atlanta 1996: dhahabu Thugwane, fedha Lee Bong-ju, shaba Eric Wainaina wa Kenya. Wale wawili wa kwanza ndio hao hao waliopokezana Honolulu na mtu wa Kitui.

Sekunde tatu

Turudi Newcastle. Mwaka 1993 hakuwa Masya, alikuwa Moses Tanui. Tanui hiyo season alikuwa moto wa kuotea mbali: Aprili kule Milan alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, 59:47, na Septemba akaenda Great North Run akashinda pia. Mlango ukawa umefunguliwa. Sasa kila mtu alitaka kuandikwa kwa 59.

Septemba 1994 Masya akarudi kudai barabara yake. Akashinda. Muda: 1:00:02.

Sekunde mbili juu ya saa. Angepata tatu tu, angesomeka 59:59 na leo jina lake lingekuwa kwenye kila orodha ya wale wa kwanza kuvunja saa moja. Sekunde tatu kwa kilomita 21 ni kama kuchomoa simu mfukoni na kuirudisha. Ni kona moja ukiikata vizuri. Ni mtu mmoja wa kukusukuma kilomita ya mwisho. Sijui kama yeye mwenyewe ilimuuma, pengine aliangalia taji akaridhika. Lakini mimi nikiona hiyo 1:00:02 huwa nashikwa na kitu. Watu huandika historia kwa namba, na namba haina huruma.

Kitu cha kueleza hapa, ndio msee wa hesabu asikuchape: Great North Run inaanzia sehemu moja na kuishia nyingine mbali, na ina mteremko kwa jumla. Kwa sheria za sasa muda wa pale hauhesabiki kuwa rekodi ya dunia. Haibadilishi nani alishinda, inabadilisha tu ni daftari gani unaandikwa.

Tanui akarudi 1995 na kushinda. Unaona mchezo wenyewe: Masya 1991, Masya 1992, Tanui 1993, Masya 1994, Tanui 1995. Miaka mitano, Wakenya wawili, mmoja wa Bonde la Ufa na mmoja wa Ukambani, wakirushiana taji juu ya mto wa Uingereza. Halafu 1996 Masya akafunga hesabu kwa 1:01:43. Huo ndio ushindi wa nne, na ndio ulikuwa wa mwisho hapo. Mwaka 1997 Hendrick Ramaala wa Afrika Kusini akaingia, na enzi nyingine ikaanza.

Rekodi iliyokaa miaka 21

Ushindi mara nne wa wanaume kwa Great North Run ulikaa bila kuguswa kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliozaliwa 1996 walikuwa tayari watu wazima wenye vitambulisho. Haile Gebrselassie alipita pale na kushinda 2010, akaenda. Martin Lel alishinda mara tatu. Hakuna aliyefika nne.

Aliyemfikia ni Mo Farah. Alishinda 2014, 2015, 2016 na 2017, na hapo akawa sawa na Masya. Mwaka 2018 akampita na wa tano, 2019 akaongeza wa sita. Kwa hivyo ili kumshusha boksa wa Kitui, ilihitajika mtu mwenye dhahabu nne za Olimpiki, akikimbia nyumbani kwake, na ilichukua zaidi ya miongo miwili. Hiyo si aibu. Hiyo ni cheti.

Mbona basi hatumjui?

Swali la maana, na majibu yake si ya siri.

La kwanza ni Olimpiki. Masya hana medali ya Olimpiki, na Kenya sisi hupima mwanariadha kwa Olimpiki kwanza, mambo mengine baadaye. Nusu marathoni haijawahi kuwa Olimpiki. Ungekuwa mzuri kiasi gani kwa kilomita 21, hakuna wimbo wa taifa wa usiku wa manane wa kuamsha nchi.

La pili ni kwamba mbio zake zilikuwa za barabarani, nje, enzi za kabla ya intaneti. Hizo siku habari ya ushindi Hawaii ilifika Kitui kama aya mbili kwa gazeti la jana lililofungia nyama. Kipchoge anakimbia, wewe unamwona kwa simu ukiwa Kwa Mutonga. Masya alishinda dunia na majirani wengi wakasikia tu.

La tatu, na hapa naongea kama mtu wa huku, ni sisi wenyewe. Tumezoea ile hadithi kwamba mbio ni za jamii moja mpaka tunasaidia kuifuta yetu. Ukiweka majina pamoja, orodha ya Ukambani si ya kuomba radhi. Kuna Musyoki na shaba yake ya 1984. Kuna Masya. Kuna Ndeti na Boston zake tatu. Jimmy Muindi alishinda Honolulu mara sita kati ya 1999 na 2007, mara mbili ya Masya, na 2004 akavunja rekodi ya Ibrahim Hussein kwa 2:11:12. Patrick Ivuti alishinda Chicago 2007 kwa tofauti ndogo ajabu, sehemu ya sekunde, baada ya kilomita 42, halafu naye akachukua Honolulu 2008 na 2009. Na Patrick Makau Musyoki, mtoto wa Machakos (usimchanganye na yule Mike), tarehe 25 Septemba 2011 pale Berlin alikimbia marathoni kwa 2:03:38 na kumtoa Gebrselassie kwa rekodi ya dunia.

Honolulu peke yake, Masya, Muindi na Ivuti wamechukua mara kumi na moja. Kuna vijiji vya Bonde la Ufa ambavyo haviwezi kusema hivyo.

2003

Masya alifariki tarehe 24 Septemba 2003. Miaka kumi na moja na siku nne tangu ile Jumapili ya Newcastle. Miaka saba tangu ushindi wake wa mwisho wa Great North Run.

Mkimbiaji wa barabarani wa enzi yake alilipwa kwa kushinda. Hakukuwa na mshahara wa mwezi wa mbio, hakukuwa na pensheni ya bingwa wa dunia. Miguu ikigoma, doh nayo inagoma, na unaweza kuwa na miaka 27. Leo kuna wakimbiaji wenye wakili, mhasibu na ploti Eldoret. Kwa kizazi cha Masya, wengi walijifunza hayo mambo wakiwa tayari wamestaafu. Kama una mdogo wako huko Matinyani ama Kauwi anayeamka saa kumi na moja kupiga tizi barabarani, hiyo sehemu ya story mwambie pia, si medali peke yake.

Siku kumi baada ya kifo chake, tarehe 4 Oktoba 2003, mashindano ya dunia ya nusu marathoni yalifanyika Vilamoura, Ureno. Alishinda Mkenya, Martin Lel. Kabla yake walikuwa wameshinda Moses Tanui 1995, Shem Kororia 1997, Paul Koech 1998, Paul Tergat 1999 na 2000, Paul Kosgei 2002. Baadaye akaja Geoffrey Kamworor na kuchukua mara tatu mfululizo, 2014, 2016 na 2018. Ukivuta hiyo orodha mpaka juu kabisa, mstari wa kwanza unasoma hivi: 1992, Newcastle, Benson Masya, Kenya, 1:00:24.